Kipimo cha Mate Kikifika Mombasa

Kila baada ya miezi michache kuna mtu hunitumia kwa WhatsApp habari ileile yenye kichwa kipya: wanasayansi wamepata njia ya kupima endometriosi bila upasuaji. Mara ni mate, mara ni damu ya mkononi, mara ni pedi inayosoma damu ya hedhi yenyewe. Wananitumia mimi kwa sababu wanajua nilipasuliwa. Nami huzisoma zote, kisha hutafuta utafiti wenyewe nikausoma pia, maana vichwa vya habari huahidi mambo ambayo watafiti hawakuyaahidi.

Nina sababu nyingine ya kuzifuatilia. Mdogo wangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na siku zake zikifika hujikunja kitandani na mto tumboni vilevile nilivyokuwa nikijikunja mimi. Ugonjwa huu hutembea na damu ya ukoo. Ukimwona kwa dada, una haki ya kumtilia shaka mdogo wake. Kwa hiyo swali la kupima bila kisu halinijii kama habari ya sayansi ya mbali. Linanijia likiwa limelala chumba cha pili.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake, kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, juu ya utumbo, juu ya kibofu, na mara chache hata kifuani. Homoni zinazoendesha hedhi huziendesha na hizo pia. Huvimba, huvuja damu isiyo na pa kutokea, mwili hupambana nazo, na mapambano hayo huacha makovu yanayogandisha viungo pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi. Wakenya wengi walilijua jina hili kwa Njambi Koikai, mtangazaji aliyeusimulia ugonjwa wake hadharani kwa miaka, ukiwa umemfika hadi mapafuni, mpaka alipofariki Juni 2024.

Kwa muda mrefu jibu la uhakika lilikuwa na mlango mmoja: laparoskopi. Unapewa nusukaputi, unatobolewa kitovuni, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi liinuke, kisha kamera nyembamba inaingizwa ili daktari aone kwa macho yake, na kipande kinakatwa kipelekwe maabara. Mimi hakuna aliyeniambia kwamba nikizinduka maumivu makali yatakuwa begani. Ni ile gesi iliyobaki ndani: inausumbua msuli wa chini ya mapafu, na neva za msuli huo hupeleka malalamiko yake begani. Mamangu alinikanda bega usiku mzima huku akinong'ona kwamba hawa watu wamekuangusha huko ndani na hawataki kusema.

Sasa fikiria: hayo yote ili uambiwe tu unaumwa nini. Kuna gharama, kuna ruhusa ya kazini, kuna hatari ya nusukaputi yenyewe, kuna kovu. Ndiyo maana watu huahirisha, na madaktari nao huahirisha. Uingereza, ambako matibabu ya serikali hayalipiwi mlangoni, ripoti ya shirika la Endometriosis UK ya mwaka 2024 ilitaja wastani wa miaka 8 na miezi 10 tangu mwanamke aanze kwenda kwa daktari hadi apewe jina la ugonjwa. Hiyo ni Uingereza. Mtu wa Lamu au Tana River anayelazimika kuja Mombasa kumwona daktari bingwa wa kina mama, jipigie hesabu mwenyewe.

Februari 2022 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, ESHRE, ilitoa mwongozo mpya uliogeuza mambo. Laparoskopi ikashushwa kutoka kiti chake cha juu. Mwongozo ukasema anza na picha, ultrasaundi au MRI. Na hata picha zikiwa safi unaweza kumwanzishia mgonjwa dawa za homoni kwa kuzingatia dalili zake. Kamera iingie pale picha hazikuonyesha kitu, au dawa hazikusaidia, au hazimfai. Katika mwongozo huohuo, jambo ambalo habari za WhatsApp hazilitaji, madaktari waliambiwa wasitumie vipimo vya damu au vya utando wa mfuko wa uzazi kuutafuta ugonjwa huu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimethibitika vya kutosha. Hata CA-125, protini inayopimwa sana kwenye maabara zetu na kuwatia watu hofu ya saratani, hupanda kwa endometriosi, hupanda kwa mambo mengine kadhaa, na yaweza kuwa ya kawaida kabisa kwa mtu anayeumwa.

Huo ndio mwongozo wa Ulaya. Pwani safari huanzia jikoni.

Mimi nilianzia kwa chango, jina ambalo kwetu hupewa maumivu ya tumbo la kike. Shangazi yangu alikuja na mvuje umefungwa kwenye kipande cha leso, na chupa ya habasoda iliyosagwa na asali, na maagizo ya kunywa asubuhi kabla ya kula kitu. Harufu ya mvuje haitoki nguoni kwa kufuliwa mara moja. Shule nzima ilijua niko katika siku zangu. Sina ugomvi na shangazi. Alifanya alichokijua, na zaidi ya madaktari kadhaa niliowaona baadaye, yeye aliamini kwamba ninaumwa kweli. Shida yangu ni lile neno la mwisho ambalo kila mtu mzima alilirudia: akiolewa, akizaa, litatoka. Wako waliozaa watoto wanne na bado wanajikunja.

Ukitoka jikoni unaingia kliniki ya mtaani, na huko mara nyingi utaambiwa una maambukizi ya via vya uzazi. Unapewa antibiotiki. Mwezi unaofuata unarudi, unapewa za aina nyingine. Kwa mwanamke aliyeolewa hiyo ni kero na pesa zinazopotea, na pengine ugomvi na mume kuhusu nani kaleta nini nyumbani. Kwa msichana wa miaka 17 wa Majengo ni tuhuma, kwa sababu kila mama anajua maambukizi hayo kwa kawaida huletwa na nini. Nimewaona wasichana wakiacha kwenda hospitali kwa hilo tu, wala si kwa kukosa nauli.

Kosa hili lina historia, na historia yake si ya Mombasa peke yake. Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, daktari mashuhuri Joe Vincent Meigs aliandika juu ya endometriosi kama ugonjwa wa wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuzaa, na kwa miongo iliyofuata vitabu viliichora kuwa ni ya mwanamke mzungu, msomi, mwenye kazi. Mwanamke mweusi akija na maumivu yaleyale, aliandikiwa maambukizi. Mwaka 1976 daktari mweusi wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha matokeo ya laparoskopi alizowafanyia wanawake weusi: zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosi, na baadhi yao walikuwa wameshaambiwa ni maambukizi. Baadaye sana, mwaka 2015, madaktari wa Ibadan, Nigeria, walichapisha yao. Kati ya wanawake waliofanyiwa laparoskopi hospitalini kwao, karibu nusu walikuwa nayo. Bila shaka hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa, huwezi kusema nusu ya Nigeria inaumwa. Lakini hadithi ya kwamba Waafrika hawaugui ugonjwa huu ingepaswa kufa hapo.

Nimeyaleta haya kabla ya mate na damu kwa sababu kipimo chochote kipya kitatua juu ya historia hii. Huwezi kumpima mtu ambaye umeshajiamulia kwamba ana kitu kingine.

Nilimpeleka mdogo wangu kupigwa ultrasaundi. Mpigaji picha, kijana mpole tu, alimwuliza, "Umeolewa?" Kwetu swali hilo hulificha swali jingine, na kila aliyekuwemo alilielewa. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Basi akapewa maji anywe hadi kibofu kijae, akakaa kwenye benchi akibanwa, waliokuja nyuma yake wakiingia na kutoka. Alipoitwa akapakwa ile jeli baridi juu ya tumbo, kifaa kikapita kushoto, kikapita kulia, kikasimama kidogo juu ya kila ovari. Dakika chache tu. Karatasi ikatoka na mistari mitatu: mfuko wa uzazi wa kawaida, ovari za kawaida, hakuna maji ndani. Mdogo wangu aliisoma ile karatasi kwenye tuktuk mara mbili, kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi ndiye mwongo."

Yule kijana hakukosea. Ultrasaundi ya juu ya tumbo huona uvimbe mkubwa, huona pia sisti ya chokoleti, kile kifuko cha damu nzito iliyokaa kwenye ovari, ikiwa imekua. Ile endometriosi iliyojichimbia nyuma ya mfuko wa uzazi, kati yake na utumbo mpana, huonekana vizuri zaidi kifaa kikiingizwa ukeni. Na ile ya juujuu, madoadoa yaliyotapakaa kwenye utando wa tumbo, ultrasaundi ya kawaida hukosa kuiona iwe ya juu au ya chini. Ubaya zaidi, wingi wa ugonjwa haulingani na ukali wa maumivu. Madoadoa yanaweza kumwangusha mtu, na sisti kubwa ikakaa kimya. Mwongozo wa 2022 uko wazi: picha safi haimaanishi mtu hana endometriosi. Sentensi hiyo ningependa iwe inachapishwa chini ya kila karatasi ya mistari mitatu.

Usiku ule nilimweleza kuhusu kipimo cha kupitia ukeni, kwa maneno ya dada na bila kumzungusha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dada, bora wanipasue."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala zote nilizosoma. Katika orodha za Ulaya, ngazi ya usumbufu iko hivi: mate chini kabisa, kisha damu, kisha ultrasaundi, kisha MRI, na kisu juu kabisa. Kwa msichana wa Mombasa ambaye bado hajaolewa, ngazi hiyo imepinduka. Kisu kinaacha kovu chini ya kitovu ambalo leso italificha, na hata likionekana mtu anasema alitolewa kidole tumbo. Kile kifaa kidogo kinagusa kitu ambacho mama yake, shangazi zake na somo wake watakiulizia siku ya harusi. Sisemi wako sawa kuuliza. Nasema daktari anayeandika "ni kipimo chepesi, hakina maumivu" hajaulizwa hilo yeye. Zipo njia za kando, MRI, au ultrasaundi ya kupitia njia ya haja kubwa, ambayo kwa mdogo wangu ilipata jibu fupi zaidi kuliko la kwanza.

Kwa hiyo unaweza kuona kwa nini mate yalinivutia.

Kipimo cha mate kilitoka Ufaransa. Ndani ya mate kuna maikroRNA, vipande vifupi mno vya RNA ambavyo havitengenezi protini yoyote bali huamua jeni zipi zipunguze kazi. Ni vitu vilivyogunduliwa mwaka 1993, na waliovigundua, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Watafiti wa Kifaransa walichukua mate ya wanawake 200 waliokuwa na maumivu ya nyonga, wakayapitia maikroRNA zaidi ya 2,000 kwa msaada wa akili mnemba, wakapata mchanganyiko wa 109 uliowatenganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Matokeo ya 2022 yalisema kipimo kiliwanasa asilimia 96.7 ya wagonjwa, na hakikumsingizia hata mmoja asiyeumwa. Mwaka uliofuata wakakijaribu kwa wanawake wengine 200 na kikasimama karibu palepale, kwenye asilimia 96 na 95. Kampuni ya Ziwig ikakiuza kwa jina la Endotest, na mwaka 2025 Ufaransa ikaanza kuwalipia wanawake wake wapatao 25,000 katika hospitali zilizochaguliwa, huku taarifa zaidi zikiendelea kukusanywa.

Asilimia mia bila kumsingizia mtu! Hapo ndipo ninapoanza kukuna kichwa. Kati ya wale 200 wa kwanza, 153 walikuwa na ugonjwa na 47 hawakuwa nao. Hiyo asilimia mia imesimama juu ya wanawake 47. Na wote 200 walikuwa wameshachujwa. Ni watu ambao daktari alikuwa tayari anawashuku. Kipimo kinachofanya vizuri mahali ambapo watatu kati ya wanne wanaumwa, kipeleke kwenye zahanati ambako wengi wanaojikunja wana jambo jingine, nacho kitakusomea tofauti. Wafaransa wenyewe wanalijua hilo; ndiyo maana kwao mate huja baada ya uchunguzi wa daktari na picha zisizotoa jibu, kama hatua ya tatu. Habari za WhatsApp huyaweka mate mbele.

Kisha ni mate ya nani? Utafiti ule ulifanywa Ufaransa. Nimetafuta walipo wanawake wa huku kwetu katika tafiti kubwa zilizochapishwa juu ya ugonjwa huu, na jibu ni lilelile. Utafiti mkubwa wa jeni za endometriosi, uliotoka 2023, ulikusanya wagonjwa zaidi ya 60,000 na watu wa kulinganisha zaidi ya 700,000, ukaonyesha sehemu 42 za vinasaba zinazohusika. Kazi kubwa kweli, siibezi. Ila watu wake ni wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Australia nako, kampuni ya Proteomics International ya Perth imetengeneza kipimo cha protini 10 za damu, kwa sampuli za wanawake zaidi ya 800, nyingi zikitoka Melbourne. Huenda mate na damu zetu vinasema lugha ileile. Inawezekana kabisa. Lakini hilo hujulikana kwa kupima, na siku muuzaji atakaposhuka na boksi lake Moi Avenue akitaka maelfu ya shilingi kwa kila kichupa, swali langu la kwanza kwake litakuwa: mlipima wangapi kati yetu?

Uchunguzi unaonigusa zaidi ni wa damu ya hedhi, ingawa unaendelea polepole. Taasisi ya Feinstein huko New York ina mradi uitwao ROSE, ulioanza 2013, unaokusanya damu ya hedhi ya wanawake wenye endometriosi na wasio nayo. Peter Gregersen, Christine Metz na wenzao walionyesha kwamba seli za utando wa mfuko wa uzazi za wagonjwa, zikichukuliwa kwenye damu hiyo na kukuzwa maabara, haziwezi kujibadilisha ipasavyo kujiandaa kwa mimba kama za wengine. Walikuta pia upungufu wa seli fulani za kinga ambazo kazi yake ni kusafisha. Mantiki yake inaingia akilini hata kwa mtu asiye daktari. Tangu mwaka 1927 John Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni, na leo tunajua hilo huwatokea wanawake wengi mno ambao hawaumwi kitu. Basi ukitaka kujua kwa nini kwa huyu inaota na kwa yule inasafishwa, itazame damu yenyewe. Inatoka kila mwezi bila sindano.

Mwaka 2025 watafiti wa ETH Zurich wakaonyesha pedi yenye ukanda mdogo wa karatasi ndani, unaobadilika rangi kulingana na kiasi cha protini fulani kwenye damu ya hedhi, CA-125 ikiwemo, nao husomwa kwa jicho au kwa kamera ya simu. CA-125 ni ileile yenye udhaifu nilioutaja, kwa hiyo siiiti kipimo cha endometriosi. Naiita njia nzuri ya kufikisha sampuli. Mtu anaweza kuvaa pedi Kisauni au Likoni asipange foleni yoyote.

Nilipomsimulia mamangu, alikunja uso. Kwetu pedi iliyotumika haiachwi ovyo. Inasuuzwa, inafungwa, inatupwa mtu asione, na wako wanaoamini kwamba damu hiyo ikiangukia mikono mibaya unaweza kufungwa kizazi. "Damu ya mwanangu ipelekwe maabara ya nani?" aliniuliza, na nikamwona ana haki ya kuuliza, uchawi au si uchawi. Sampuli za Waafrika zimewahi kusafiri mbali bila wenyewe kujua ziendako. Anayetaka kuufanya utafiti huu Pwani ajiandae kujibu swali la mamangu kabla ya swali la bodi yoyote ya maadili.

Picha nazo zinasonga mbele. Oxford wanajaribu dawa ya kufuatilia iitwayo maraciclatide, yenye teknesia, chembe ya mnururisho inayotumika siku zote katika picha za nyuklia. Hushikamana na mahali mishipa mipya ya damu inapoota, na lengo ni kuionyesha hata ile endometriosi ya juujuu inayojificha. Adelaide, Australia, mradi wa IMAGENDO unaifundisha kompyuta kusoma ultrasaundi na MRI kwa pamoja. Haya ni ya kusubiri.

Kama pesa zingekuwa zangu, ningeziweka kwenye mikono na macho ya wapigaji picha. Mwaka 2016 kundi la kimataifa liitwalo IDEA lilikubaliana jinsi ya kuitafuta endometriosi ya ndani kwa ultrasaundi, hatua kwa hatua: usiangalie mfuko wa uzazi na ovari tu, angalia nyuma, angalia utumbo, angalia kibofu. Hatua moja ni rahisi hivi: mpigaji picha anasukuma kidogo huku akitazama skrini kama mfuko wa uzazi na utumbo vinateleza kila kimoja juu ya mwenzake. Vikiteleza, vizuri. Visipoteleza, kuna kitu kimevigandisha. Mashine inayoonyesha hilo tayari iko Mombasa, kwenye kliniki nyingi. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kuitafuta, na dakika za kuitafuta. Kwa wanawake walioolewa, ambao ndio wengi katika foleni za kutafuta mtoto, badiliko hilo peke yake lingefanya kazi ambayo mate hayajaanza kuifanya hapa.

Na kwa wasichana kama mdogo wangu kuna kifaa ambacho hakijatajwa kwenye makala yoyote niliyosoma, ingawa wanawake wa Kiislamu wa Pwani karibu wote wanacho: hesabu. Sisi tarehe zetu tunazijua. Siku za hedhi hatuswali wala hatufungi, na funga za Ramadhani zilizokatika hulipwa moja moja, kwa hiyo mamangu ana kalenda ya ukutani yenye alama za peni kwa kila binti aliye nyumbani. Daktari akiuliza "ilianza lini, ikakata lini," hatubahatishi. Tulichofanya ni kuongeza alama. Nukta kwa siku ya maumivu ya kumlaza, msalaba kwa siku aliyokosa shule, mstari kwa siku aliyoumia akienda haja kubwa. Baada ya miezi kadhaa ile kalenda ilisema jambo ambalo karatasi ya mistari mitatu haikulisema: maumivu hayakuwa ya siku za damu tu, yalitangulia na yakabaki nyuma, na ile mistari ya maumivu ya choo ilikuwa inakuja mwezi baada ya mwezi mahali palepale.

Tuliing'oa ukutani tukaenda nayo kwa daktari wa kina mama. Aliitazama kwa muda kuliko alivyoitazama ile ripoti ya picha. Aliuliza kuhusu mimi, kuhusu mama, kuhusu choo, kuhusu maumivu ya mgongo. Kisha akasema anamtibu kama mwenye endometriosi, kwa vidonge vya homoni ya projestini kila siku, na kisu kitafikiriwa tu iwapo vidonge havitasaidia. Hilo ndilo madaktari wengi sasa wanalitetea, na mwaka 2019 kundi la wataalamu liliandika waraka kuwahimiza wenzao kuufahamu ugonjwa huu kwa dalili na uchunguzi wa kawaida, wasingoje upasuaji. Vidonge vina kero zake, vinamletea matone ya damu katikati ya mwezi na hasira za ghafla. Ila muhula huu ameukaa darasani.

Mama alisikia habari ya mate tena juzi, redioni safari hii, akataka kujua kama hicho kitakuja hapa, maana hicho hakina aibu, mtoto anatema tu. Nikamwambia kwamba Ufaransa wanakitumia kwa wanawake wa miaka 18 hadi 43. Mdogo wangu hajafika. Mimi nimo, lakini mimi nilishapasuliwa.

"Na mimi?" akauliza.

Mamangu ana miaka 61. Alizaa mara mbili tu, miaka mingi baina yetu, na maisha yake yote aliita maumivu yake chango.

"Wewe umeshapita, mama."

"Basi hapa nyumbani," akasema, "hicho kipimo hakina mtu."